Nyonga ya Bandia na Adui Wake Msuguano

Mtu asimamapo kwa mguu mmoja, uzito wa mwili na misuli ya ubavuni mwa nyonga hushindana kama pande mbili za mizani, egemeo likiwa ni kichwa cha fupa la paja. Kwa kuwa misuli hiyo i karibu zaidi na egemeo, haina budi kuvuta kwa kani inayozidi uzito wenyewe. Hivyo katika kila hatua nyonga hubeba kiasi cha mara tatu ya uzito wa mwili, na mguu mmoja hupiga hatua kiasi cha milioni moja kwa mwaka. Kiungo cha bandia hakina tishu hai za kujikarabati.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, daktari mpasuaji John Charnley alitengeneza kikombe cha nyonga kwa Tefloni, plastiki yenye utelezi mno. Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa, nao wakatembea bila maumivu. Miaka michache baadaye kichwa cha chuma kilikuwa kimejichimbia ndani ya plastiki. Unga uliosagika ulichochea seli za mwili, mfupa ukalika, viungo vikalegea. Charnley akalazimika kuwapasua tena wengi wao. Hata chini ya ngozi ya paja lake mwenyewe alijitia chembe za plastiki ili aone athari yake. Ikadhihirika kwamba utelezi na ustahimilivu wa kusuguliwa ni sifa mbili mbalimbali, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno.

Mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, aliijaribu polithini nzito kwenye mashine ya kusugua, ingawa daktari hakuitumainia. Kwa majuma matatu ililika kidogo kuliko Tefloni ilivyolika kwa siku moja. Mwezi Novemba mwaka huo ikaanza kutumika kwa wagonjwa.

Kichwa cha chuma kilikuwa na kipenyo cha milimita 22 tu. Wanafunzi wakumbuke momenti: kadiri nusu-kipenyo kinavyopungua, ndivyo msuguano unavyokosa nguvu ya kukizungusha kikombe na kukingoa kutoka katika saruji yake.

Lakini shina la chuma lina maradhi yake. Saruji ikilegea juu na kushika chini, shina hupindwa kidogo kila hatua, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ufa usioonekana kwa macho hukua, hata siku moja shina huvunjika kwa mzigo uleule lililoubeba kwa miaka.