Australia ilivyohama bara kusaka mechi ngumu

APRILI 11, 2001, pale Coffs Harbour, Australia iliitandika Samoa ya Marekani mabao 31-0 kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Archie Thompson peke yake alitupia 13. Siku mbili kabla, Tonga nao walikula 22.

Raha? Wapi bwana. Mechi hizo ndizo zilizokuwa zinawaua. Bingwa wa Oceania hakuwa na tiketi ya moja kwa moja, ilibidi acheze mchujo na timu ya bara jingine. Sasa mtu hajatoka jasho mwaka mzima, ghafla anakutana na wanaume. Mwaka 1997 sare ya 2-2 na Iran mjini Melbourne iliwatoa kwa sheria ya bao la ugenini. Mwaka 2001 wakapigwa 3-0 na Uruguay kule Montevideo. Mwaka 2005 ndipo wakapumua, wakiitoa Uruguay hiyohiyo kwa penalti jijini Sydney.

Januari 1, 2006, wakafungasha virago, wakahamia rasmi Shirikisho la Soka Asia (AFC).

KARIBU ASIA

Walipotua Kombe la Asia 2007, wengi waliwapa kombe mapema. Si walikuwa na Mark Viduka, Harry Kewell na Tim Cahill, majina ya Ligi Kuu England? Kilichowakuta kwenye joto la Bangkok ni sare ya 1-1 na Oman, kisha kichapo cha 3-1 kutoka kwa Iraq. Japan ikawamaliza robo fainali kwa penalti. Iraq waliowadharau ndio wakabeba kombe.

Shule ikaanza. Safari ndefu, leo Ghuba, kesho Tokyo, na kila uwanja una hali yake ya hewa na fujo zake. Ada ililipa. Mwaka 2014 Western Sydney Wanderers, klabu iliyoanzishwa 2012, ilishinda 1-0 nyumbani, ikabana 0-0 Riyadh mbele ya Al-Hilal, ikawa bingwa wa Asia.

Januari 31, 2015 ikawa zamu ya timu ya taifa. Fainali Sydney, Son Heung-min akaisawazishia Korea Kusini dakika za majeruhi, lakini James Troisi akamaliza kazi muda wa nyongeza, 2-1. Kocha alikuwa Ange Postecoglou, mzaliwa wa Athens aliyeletwa Australia akiwa mtoto.

KIJANA WA KAKUMA

Halafu kuna usiku wa Juni 13, 2022, Qatar. Mchujo na Peru, dakika 120 bila bao. Penalti ya sita ya Australia akaishika Awer Mabil.

Huyu kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, familia yake ikiwa imekimbia vita Sudan Kusini. Alifika Australia 2006, mwaka uleule nchi hiyo ilipohamia Asia. Akaweka wavuni. Kipa Andrew Redmayne akapangua iliyofuata, tiketi ya Kombe la Dunia ikapatikana.

Baadaye Mabil alisema penalti ile ilikuwa shukrani ya familia yake kwa Australia.

Nchi iliyohama bara ilivushwa na kijana aliyehama bara. Nani angesema hivyo siku ile ya 31-0?