Tiba ya Macho ya Mwenye Kisukari: Baina ya Yakini na Matarajio

Katika vitabu vya Fiqhi, kwenye mlango wa Swala ya mgonjwa, mna mas'ala ambayo wasomaji wengi huyapita haraka. Mtu ana maradhi ya macho, na tabibu anamwambia: ukiswali hali umelala kwa siku kadhaa, jicho lako litatibika. Je, inajuzu kwake kuacha kusimama na kusujudu ilhali mwili wake unaviweza?

Ibnu Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria, sawa na 1223 Miladia) ameyataja mas'ala haya katika al-Mughni. Ananukuu habari ya Ibnu Abbas (r.a.), ambaye macho yake yalipodhoofika aliambiwa avumilie siku saba bila kuswali ila kwa kulala. Akawauliza Bibi Aisha (r.a.), Abu Huraira (r.a.) na Masahaba wengine, nao wakamrudishia swali: ukifa ndani ya siku hizo, Swala zako utazifanyaje? Akaiacha tiba. Kwa habari hiyo Imam Malik na al-Awzai hawakuiridhia ruhusa hii. Ama Jabir bin Zaid, Sufyan al-Thauri na Abu Hanifa waliijuzisha, na Ibnu Qudama anaelekea upande wao. Kuhusu Ibnu Abbas, anasema kwamba habari hiyo ikiwa ni sahihi, basi huenda tabibu yule hakuwa na yakini, bali alisema kwa kutarajia tu.

Tofauti hii ya yakini na matarajio inatufaa sana leo, kwa sababu mgonjwa wa kisukari anayehofia macho yake huambiwa mambo mengi, na si yote yenye uzito mmoja.

Kwanza tuujue ugonjwa. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo mno ya retina, yaani kile kiwamba cha nyuma ya jicho kinachopokea mwanga. Mishipa huvuja, na mingine huziba. Retina ikikosa hewa ya oksijeni hutoa kemikali inayoitisha mishipa mipya, na mishipa hiyo ni dhaifu: hupasuka, damu humwagika ndani ya jicho, kisha makovu huivuta retina hadi ibanduke. Haya yote huanza bila maumivu. Mtu husoma msahafu wake vizuri, na huku jicho linaharibika.

Lenye yakini kuliko yote ni kudhibiti sukari na shinikizo la damu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1993, kwa wagonjwa wanaotegemea insulini, ulionesha kuwa waliodhibiti sukari barabara, na ambao macho yao yalikuwa bado salama, walipunguza hatari ya ugonjwa huu kwa asilimia 76.

Linalofuata ni leza. Daktari Gerd Meyer-Schwickerath wa Ujerumani ndiye aliyeanza kuunguza retina kwa mwanga, mwishoni mwa miaka ya 1940, akitumia jua lenyewe. Mwaka 1976 utafiti wa kitaifa nchini Marekani ulithibitisha kuwa tiba hii hupunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Lakini leza huhifadhi kilichobaki, hairudishi kilichokwenda, na huweza kupunguza uoni wa pembeni na wa usiku. Asiyeambiwa haya mapema hudhani ameharibiwa jicho.

Kisha zikaja sindano za kuizuia ile kemikali, zinazodungwa ndani ya jicho lililotiwa ganzi. Dawa ya bevasizumabu ilitengenezwa kwa ajili ya saratani. Mwaka 2005 madaktari wa macho walianza kuidunga jichoni kwa vipimo vidogo, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwa matumizi ya macho katika orodha yake ya dawa muhimu. Bei yake ni ndogo kuliko ya dada zake, na hilo ni jambo kubwa kwa nchi zetu. Sindano hizi huweza hata kuurudisha uoni kwa kiasi pale retina inapovimba. Kasoro yake ni kwamba hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Mwenye kudungwa mara mbili akatoweka anaweza kurejea na jicho lisilotibika tena.

Damu ikishajaa ndani ya jicho, au retina ikivutwa, hubaki upasuaji wa kuuondoa ute wa jicho, ulioanzishwa na Robert Machemer huko Miami mwaka 1970. Hapa ndipo mas'ala ya Ibnu Qudama yanaporudi yakiwa hai. Baadhi ya wagonjwa huwekewa gesi jichoni na kuamrishwa kuinamisha uso au kulalia upande maalumu kwa siku kadhaa. Na asipande ndege mpaka gesi iishe, kwani hutanuka angani na kuweza kulipofua jicho. Aliyekata tiketi ya Hija au Umra amweleze daktari kabla ya upasuaji.

Katika fungu la matarajio tunaiweka fenofibreti, dawa ya kale ya mafuta ya damu. Utafiti wa Scotland kwa watu 1,151, uliotangazwa mwaka 2024, uliona kuwa ilipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa macho ulio katika hatua za mwanzo kwa asilimia 27. Ni vidonge, na si ghali, ila huhitaji kuangalia figo. Ni matarajio mema, lakini haishiki nafasi ya leza wala sindano. Ama wanaompa mwenye kisukari vikombe vya asali kwa ajili ya macho, wajue kuwa asali nayo hupandisha sukari ya damu.

Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe retina tangu siku anapogunduliwa, na mwenye kile cha utotoni ndani ya miaka mitano, kisha kila mwaka. Mja mzito mwenye kisukari apimwe mapema. Wako wanaochelewesha kwa ajili ya Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa matone ya macho hayafunguzi, wala sindano za tiba zisizo za lishe zinazopigwa kwenye ngozi, msuli au mshipa. Matone ya kupanua mboni hutia ukungu machoni kwa saa kadhaa, kwa hiyo mgonjwa aende na mtu wa kumrudisha nyumbani, wala asiendeshe gari.