Shakwe wa Helen Walsh

Mwaka nilioshikwa na sonona, mama mdogo alikuwa akiniletea uji kila asubuhi, pale kwetu Tanga. Nilimpokea vizuri, nikamchekesha mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Siku moja nikamsikia ukumbini akimwambia mama: "Huyu haumwi, dada. Mgonjwa gani anatania hivi?" Mimi huku chumbani nilikuwa na gauni lilelile tangu Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ndiyo maana The Mystery of Mercy Close, riwaya ya Marian Keyes wa Ireland iliyotoka mwaka 2012, nimeisoma mara tatu. Msimulizi ni Helen Walsh, kitinda mimba katika mabinti watano, mpelelezi wa kujitegemea jijini Dublin. Uchumi wa nchi umeanguka, kazi zimekauka, kwake pamemshinda, amerudi kwa wazazi. Hapo anatokea mpenzi wake wa zamani, Jay Parker, na kazi: amtafute Wayne Diffney, mwimbaji wa kundi lililovuma zamani, aliyetoweka siku chache tu kabla kundi halijarudi jukwaani.

Helen ana ulimi. Ana orodha yake ya chepe: watu na vitu vinavyomkera hadi anatamani kuvitwanga kwa chepe. Utacheka. Na mwanzoni mwa kitabu, huyuhuyu anaona tumbusi weusi wakizunguka juu ya kituo cha mafuta. Kumbe ni shakwe. Anajua maana yake, kwa kuwa ugonjwa huu wa sonona si mgeni kwake.

Hapa Keyes amepatia kuliko wengi niliowasoma. Waandishi hupenda kuiandika sonona kwa kilio kitupu, mzaha wakautia pembeni ili msomaji apumue. Kwa Helen, mzaha na ugonjwa vinatoka kinywa kimoja, pengine pumzi moja. Upelelezi nao si pambo. Anamtafuta mtu aliyetoweka, na yeye mwenyewe anatamani kutoweka. Ndipo nyumba tupu ya Wayne, yenye kuta za rangi nzito, inapomtuliza kuliko kwao. Swali la "yuko wapi?" linamtoa kitandani siku ambazo hakuna kingine kinachomtoa. Kumponya, halimponyi. Kwa daktari anakwenda, na vidonge anameza.

Keyes mwenyewe yalimkuta. Mwaka 2010 aliwaeleza wasomaji wake kwamba sonona imemlemea. Katika kuugua huko alishika kuoka keki, na keki hizo zikazaa kitabu cha mapishi, Saved by Cake.

Kwetu, ukisema umesononeka, watu wanakuelewa na kukupa pole. Ukisema una sonona, wengi wanasikia uvivu, au wanakuambia ujikaze.

Mwezi uliopita nilimsimulia mama mdogo kisa cha wale ndege. Alikuwa anapeta mchele. Shakwe anawajua, marehemu mumewe alikuwa mvuvi. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Yaani aliwaona tumbusi kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akauweka ungo chini, akanisogelea mkekani.

"Na wewe mwanangu, siku zile, ulikuwa unaona nini?"