Holidei ni ya Serikali, Ngoma ni ya Mtaa

Kuna vitu mbili msee wa Kanairo anajua hata bila kufunzwa na odijo: mvua ikianza fare inapanda, na holidei ijayo ni lini. Sheria ya sikukuu za Kenya, Sura ya 110, inasema holidei ikiangukia Jumapili, Jumatatu pia hakuna wera. Ikiangukia Jumamosi, pole, hiyo imeenda. Ndio maana kalenda mpya ikifika kwa keja hakuna mtu huangalia picha. Watu wanasaka tu nyekundu imekaa karibu na Jumatatu ama Ijumaa.

Kitu hatuangaliangi ni hii: hizo tarehe nyekundu, zetu na za majuu, zina wenyewe wengine. Siku serikali inapanga gwaride na hotuba, kuna staa wa muziki mahali anakata keki. Na ukicheki poa, hotuba husahaulika kabla jua lizame. Ngoma ndio hubaki. Wacha niwapeleke raundi.

Kwetu kwanza

20 Oktoba ni Mashujaa. Usiku wa hiyo tarehe, 1952, mkoloni alitangaza hali ya hatari akaanza kushika watu, Jomo Kenyatta akiwa ndani ya hiyo neti. Kitambo tuliiita Kenyatta Dei, Katiba ya 2010 ikaifanya ya mashujaa wote. Sasa cheki: 20 Oktoba 1971, Long Beach, California, alizaliwa mtoi anaitwa Calvin Broadus. Wewe unamjua kama Snoop Dogg. Kila mwaka ndege za jeshi zikipasua mawingu juu ya uwanja, Snoop naye anazima mishumaa. Ule moshi mwingine wake tuuache, watoi wanasoma.

12 Disemba ni Jamhuri. Usiku wa manane, 1963, bendera ya Mwingereza ilishuka, yetu ikapanda. Frank Sinatra, yule mbuyu wa sauti laini, alizaliwa 12 Disemba 1915, kwa hivyo siku tulipata uhuru alikuwa anafikisha miaka 48. Dionne Warwick pia ni wa hiyo tarehe, 1940. Fathe yako akianza kucheza zile slow za kizungu Jamhuri ikifika, usimcheke. Ako na sababu, hata kama yeye mwenyewe haijui.

Mchongoano wa kwanza, kabla tuvuke boda: Keja yenu ni ndogo hadi holidei ikiingia, lazima nyinyi mtoke.

Majirani

Uganda walipata uhuru 9 Oktoba 1962, bendera ikapandishwa Kololo, Kampala. Siku hiyo John Lennon alikuwa anatimiza miaka 22, na zilikuwa zimeisha siku nne tu tangu Beatles waachilie singo yao ya kwanza kule Uingereza. Beatle mwingine, Ringo Starr wa drams, alizaliwa 7 Julai 1940. Hiyo ni Saba Saba, na hapo ndio Kenya na Bongo huachana njia. Bongo ni siku TANU ilizaliwa, 1954, na siku hizi watu wanapiga luku waende maonyesho ya biashara Dar. Kwetu Saba Saba ni Kamukunji 1990, watu wakidai vyama vingi na karao wakijibu kwa tiagasi. Tarehe ni ile ile, lakini mmoja anarudi home na mfuko wa shopping, mwingine anarudi na macho nyekundu.

1 Julai ni uhuru wa Rwanda na Burundi, 1962. Somalia nao wako na yao, 1960. Canada nao ni siku nchi yao iliundwa, 1867. Mwenye bethdei hapo ni Missy Elliott, 1971. Dem mmoja, nchi nne zinamfungia ofisi!

Diamond Platnumz, Simba wa Bongo, ni wa 2 Oktoba 1989. Shida ni moja: hiyo tarehe India nzima iko holidei ya Mahatma Gandhi, aliyezaliwa 1869, na kwa heshima yake mabaa zinafungwa. Yaani Simba akiamua kufanyia bash yake Mumbai, wageni watapewa chai ya tangawizi. Afadhali aipeleke Conakry, juu Guinea nao wako sherehe siku hiyo, walimtoka Mfaransa 2 Oktoba 1958.

Kusini kumewaka

Afrika Kusini ndio kalenda yao imejipa. 16 Juni wanakumbuka wanafunzi wa Soweto, 1976, waliotoka kwa barabara kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana, polisi wakawapiga risasi. Siku hiyo, ng'ambo ya bahari, Tupac Shakur alikuwa anafikisha miaka 5. Alikuja kuimbia vijana wenye mfumo umewakalia, na hadi leo mat ngapi za Kanairo zina sura yake kwa mlango?

9 Agosti ni ya wanawake. 1956, wamama kama 20,000 walitembea hadi ofisi kuu za serikali pale Pretoria kukataa vile vipande vya kutembea navyo, yaani pasi. Whitney Houston alizaliwa tarehe hiyo, 1963. Siku ya mamathe wenye hawakutishika, na sauti yenye haikuwa inatishika. Hiyo nayo imepangika.

Zambia, uhuru 24 Oktoba 1964: Drake alizaliwa 24 Oktoba 1986. Malawi, uhuru 6 Julai 1964: Franco Luambo Makiadi alizaliwa 6 Julai 1938. Bila matusi kwa mashabiki wa Drake, hapo Malawi wamebeba. Holidei yenye gitaa ya Franco iko ndani haiwezi kuwa mbaya, hata nyama ikiungua.

Mchongoano wa pili: Mdosi wako ni mgumu hadi kwa kalenda ya ofisi yake, Krismasi imeandikwa "njoo na sweta".

Majuu kuna vituko

Bolivia haina bahari. Walikuwa nayo, Chile wakaichukua kwa vita iliyoanza 1879. Na bado kila 23 Machi wana Siku ya Bahari, na jeshi la maji wako nalo, linapiga gwaride. Hiyo roho ya kukataa kuachilia eks wako, Bolivia wameipeleka level ya taifa.

Finland, 6 Disemba, siku ya uhuru, familia zinakaa mbele ya TV kuangalia rais akisalimia wageni mmoja mmoja kwa mkono, masaa kadhaa. Mambo makubwa ni hayo, na ni kati ya vipindi vyenye vinaangaliwa zaidi huko kila mwaka. Sisi rais akisalimia watu tunabadilisha chaneli tutafute mpira.

Uingereza mfalme ako na bethdei mbili. Charles alizaliwa 14 Novemba 1948, lakini gwaride la bethdei yake linafanywa Juni juu Novemba huko ni baridi na mvua. Jaribu kuambia mbogi yako uko na bethdei ya pili kwa sababu ya weather, uone nani atachanga. Uholanzi wao walisema hapana. Mfalme wao alizaliwa 27 Aprili 1967, na holidei iko hapo hapo. Watu wanavaa rangi ya chungwa na kuuza vitu zao za zamani kwa barabara, yaani nchi nzima inageuka Gikosh kwa siku moja.

Haiti ndio hainaga jokes. Walimng'oa Mfaransa wakatangaza uhuru 1 Januari 1804, na kila mwaka tarehe hiyo wanakunywa supu ya malenge. Wakati wa utumwa hiyo supu ilikuwa ya mabwana, mtumwa alikuwa anaipika tu bila kuonja. Kwa hivyo hapo Mwaka Mpya hauanzi na hangova, unaanza na sufuria ya ushindi.

Na kuna Louis Armstrong, yule wa jazz. Maisha yake yote aliambia watu alizaliwa 4 Julai 1900, siku ya uhuru wa Marekani. Baada ya kufa, rekodi za kanisa zikaonyesha ni 4 Agosti 1901. Msimkasirikie. Hata kwetu wazee wangapi wa ocha kwa kitambulisho wamezaliwa 1 Januari?

Ngoma iliyozaa holidei

Sasa tukae hapa, juu hii ndio stori yenyewe. Martin Luther King alizaliwa 15 Januari 1929, akauawa Memphis 4 Aprili 1968. Siku chache baadaye mbunge John Conyers alipeleka mswada ili bethdei ya King iwe holidei ya taifa. Ikakaliwa miaka nenda miaka rudi. 1979 ilipigiwa kura ikaanguka kwa kura tano tu. Wanasiasa wakalia ati holidei nyingine ni gharama.

Stevie Wonder hakuandika barua. Aliandika ngoma. 1980, ndani ya albamu ya Hotter Than July, aliweka wimbo wa bethdei ya King, wenye unadunda hadi mtoi wa miaka mitatu anaucheza bila kujua ni siasa. Januari 1981 akaita watu Washington kwa mkutano, na sahihi zikakusanywa zikafika milioni sita. Rais Ronald Reagan, aliyekuwa amekaza, akaweka sahihi 2 Novemba 1983. Holidei ya kwanza ikapigwa 20 Januari 1986, na tangu hapo ni Jumatatu ya tatu ya Januari. Hadi leo Wamarekani weusi wengi keki ikifika, wanaimba ya Stevie, ile ya zamani wanaiacha kwa shule.

Bob Marley naye alizaliwa 6 Februari 1945, na hiyo ni siku ya taifa New Zealand, ya mkataba wa Waitangi wa 1840. Huko reggae inapigwa hiyo siku hadi unadhani Bob ni wao. Lakini holidei yake kubwa ilikuwa uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980. Aliingia Uwanja wa Rufaro, Harare, na vyombo vyenye alisafirisha kwa pesa zake. Watu wa mtaa walikuwa wamefungiwa nje, wakasukuma mageti, karao wakafyatua tiagasi hadi bendi ikatoka stejini. Kesho yake usiku akapiga tena, na sasa wananchi wakawa ndani. Prince Charles alikuwa hapo kuwakilisha malkia. Uliza mtu wa Harare anakumbuka nani.

Kwa hivyo?

20 Mei ni holidei Cameroon. 1972 walipiga kura ya kuwa nchi moja, na siku hiyo hiyo, Brooklyn, Busta Rhymes akazaliwa. 20 Mei 1981 akazaliwa Issah Mmari. E-Sir. Kijana wa South C aliyefanya rap ya Kiswahili na Sheng ionekane kitu ya kujivunia, akaenda kwa ajali karibu na Nakuru 16 Machi 2003, hata 22 hajafikisha. Fadhili William, aliyerekodi Malaika ikazunguka dunia, ni wa 11 Novemba 1938, tarehe Angola walijipa uhuru 1975. Angola wako sherehe, sisi tuko wera.

Katiba ilisema Mashujaa ni wote. Basi madeejay, makanga na wasee wa redio, 20 Oktoba ikifika majina ya wanamuziki wetu yatajwe na ngoma zao zipigwe asubuhi, kabla hotuba ianze. Na 20 Mei msingoje gazeti la serikali. Kila nganya ya South C ipige E-Sir kutoka steji ya kwanza hadi tao. Marekani holidei ilisukumwa na ngoma moja, na sisi ngoma tuko nazo tayari.