Mfalme Asiyekuwako wa Keringet

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili huko Keringet aliniuliza: "Mwalimu, zamani hapa kwetu alitawala mfalme gani?" Alikwisha kusoma habari za Buganda, Wanga na Kilwa, naye akaona haya kwamba kwao hakutajwa kiti cha enzi.

Swali lake si geni. Mwaka 1933 mtaalamu G.W.B. Huntingford, baada ya kuyatazama mashimo na kuta za mawe zilizotapakaa katika nyanda za juu za Kenya, alizihusisha na ustaarabu mkubwa uliotoweka, akauita wa Azania. Masimulizi ya Wakalenjin hayakuhitaji Azania: mashimo ni ya Wasirikwa.

Kisha wakaja wachimbuzi. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Merrick Posnansky akachimba Lanet mwaka 1957. Katika miaka ya 1960 J.E.G. Sutton akabainisha kwamba mashimo hayo yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilala ndani ya shimo, lango lilielekea mteremkoni, nyumba ziliambatana na zizi, na samadi iliyozolewa ilirundikwa nje hata ikawa kichuguu. Maisha hayo yalidumu takriban tangu mwaka 1200 hadi 1700. Mfalme hakuonekana, walioonekana ni ng'ombe.

Huko Armenia palikuwa na ufalme mdogo wa Vaspurakan, ulioanza mwaka 908 na kukabidhiwa Bizanti mwaka 1021. Haukutimiza hata miaka 120, lakini twawajua wafalme wake kwa majina, kwa kuwa walikuwa na mwandishi wao, Thomas Artsruni, na kanisa la mawe kisiwani Aghtamar. Wasirikwa walidumu mara nne zaidi, wasiache hata jina la mtu mmoja.

Je, walitoweka? Sutton hakuamini hivyo. Kwa maoni yake wengi waliacha tu kuchimba mazizi, wakawa ndio Wakalenjin. Wengine walimezwa na majirani. Katika wilaya zilizomwaga damu mwaka 1992 na tena 2007 kwa swali la nani alitangulia kufika, jambo hili si la mtihani pekee.

Mimi ni mtu wa isimu, kwa hiyo nilimpa yule kijana kazi ya isimu: amwendee nyanya yake na daftari, aandike kila neno analolijua la zizi, lango, ndama na samadi. Amekwisha kujaza kurasa tatu.