Kwenda kusini kwa gari-nyumba wakati wa baridi: afya ya mtoto ndani ya gari na njiani milimani

Kila mwaka, theluji inapoanza kurundikana Minnesota, Iowa, Maine na majimbo mengine ya kaskazini mwa Marekani, watu wengi huelekea kusini kutafuta jua: Arizona, Texas, Florida. Wengi wao ni wazee waliostaafu, na Wamarekani wamewapa jina la ndege wa theluji kwa sababu huhama kufuata majira. Husafiri kwa RV, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Hapa tutaliita gari-nyumba.

Ikiwa familia yako imeamua kukodi gari la namna hiyo likizo ya Desemba, au umeajiriwa kumtunza mzee anayehamia kusini kwa miezi ya baridi, ukurasa huu ni wako. Tumechukua Arizona kuwa mfano. Watu huifuata kwa ajili ya joto na njia zake nzuri za kutembea milimani, lakini ina hatari ambazo mama aliyekulia Bukavu, Kigoma au Mombasa hana sababu ya kuwa amewahi kuzisikia.

Gesi isiyonuka

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linaloweza kuua familia nzima usiku mmoja. Kitu chochote kinachochoma mafuta, gesi au mkaa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kwa wale waliozoea kusikia habari za watu waliofariki kwa kulala na jiko la mkaa ndani, gesi ni ileile. Ndani ya gari-nyumba hutoka kwenye jenereta, jiko la gesi, hita, au moshi wa injini, hata wa gari la jirani lililoegeshwa karibu. Chumba ni kidogo na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya usiku, kwa hiyo hujaa haraka.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Zinafanana na mafua makali, ila hakuna homa, na mara nyingi watu kadhaa huumwa kwa pamoja. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma; utaona tu analialia, anakataa kunyonya au amelegea. Mkipata nafuu mnapotoka nje na kuumwa tena mnaporudi ndani, msirudi. Tokeni wote, pigeni 911, na msubiri nje hata kama kuna baridi.

Gari-nyumba linapaswa kuwa na king'ora cha gesi hii. Siku ya kulipokea gari, mwombe mwenye gari akuonyeshe kilipo, bonyeza kitufe cha kukijaribu mpaka ukisikie, na usome tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma yake, maana vifaa hivi huchakaa. Usione haya kukataa gari ambalo king'ora chake hakilii. Usiwashe jiko la gesi ili kupasha chumba joto. Usiingize ndani jiko la mkaa, hata lililokwisha kupikiwa na kuonekana limezimika. Jenereta ya kubeba ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye gari, na moshi wake uelekee mbali na madirisha. Wakati wa kulala izimwe. Baridi ya usiku itibiwe kwa mablanketi, soksi na kofia, na hita ya gari yenyewe ikiwa imekaguliwa.

Kukaa na kulala

Gari linapotembea huwa na mvuto wa sebule, na watoto hutaka kukaa mezani wachore au walale kitandani. Gari hilo hufunga breki kama magari mengine, na sufuria iliyoachwa juu ya jiko huruka. Kila mtu akae kwenye kiti chenye mkanda.

Kiti cha usalama cha mtoto kifungwe tu kwenye kiti cha gari kinachotazama mbele. Makochi ya pembeni na viti vya mezani vinavyotazama nyuma havifai, hata kama vina mkanda. Katika baadhi ya magari mikanda ya sehemu ya nyuma imeshikizwa kwenye mbao, nayo haiwezi kuhimili mgongano. Na kiti cha mtoto mchanga, kile kinachomfanya atazame nyuma, kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukiona hakuna nafasi salama, bora mtu mzima mwingine aendeshe gari dogo nyuma yenu na watoto wapande humo. Ni gharama zaidi, lakini sisi tungechagua hivyo.

Usiku, mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale chali, peke yake, mahali bapa na pagumu kiasi, bila mito wala mablanketi mazito. Kochi linalokunjuliwa kuwa kitanda halimfai. Kitanda cha mtoto cha kukunja huingia kwenye gari-nyumba nyingi. Pima nafasi kabla ya safari. Kitanda cha juu, kile kilicho juu ya dereva, kisitumiwe na mtoto wa chini ya miaka 6.

Maji

Maji ya tangi la gari huenda yamekaa humo muda mrefu. Tumia kuoshea vyombo na kuoga, na nunua maji ya chupa au chemsha maji ya kunywa na ya kukorogea maziwa ya kopo. Kwenye viwanja vya kuegesha, bomba lenye kibao kilichoandikwa Non-Potable Water si la kunywa.

Jua la mchana, baridi ya jioni

Mwezi Januari mjini Phoenix, mchana huwa takriban nyuzi 20 za Selsiasi, yaani kama 68 za Farenhaiti, hali inayompendeza mtu aliyetoka kwenye theluji. Usiku hushuka mpaka nyuzi 8 hivi, na jangwani nje ya mji huweza kukaribia kuganda. Hakuna mawingu wala unyevu wa kuzuia joto lisipotee. Jua likizama tu, baridi inaingia. Na huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kosa la kawaida ni kudhani Arizona yote ina joto. Mji wa Tucson uko kama mita 730 juu ya usawa wa bahari. Mlima Lemmon, unaouona ukiwa mjini, unafika karibu mita 2,790, na barabara ya lami inapanda mpaka karibu na kilele. Asubuhi mtoto yuko kwenye bembea na fulana, mchana yuko kwenye theluji. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon nao uko juu ya mita 2,000, na majira haya njia zake huwa na barafu. Huko kuna jambo jingine: unaanza kwa kushuka, wakati miguu ina nguvu, na unamaliza kwa kupanda. Kupanda huchukua takriban muda mara mbili ya kushuka. Mkishuka nusu saa na watoto, hesabuni saa nzima ya kurudi.

Mtoto aliyebebwa anahitaji jicho lako zaidi. Wewe unatembea, unatoka jasho, unavua sweta. Yeye amekaa tu, miguu inaning'inia kwenye upepo, na hatengenezi joto kama wewe. Hapa kanga yetu inashinda vibebeo vingi vya dukani, kwa kuwa mtoto aliyefungwa mgongoni hupata joto la mwili wako, lakini huuoni uso wake. Mtoto mdogo sana ni bora umbebe kifuani umwone anavyopumua. Kila mnapopumzika, ingiza mkono shingoni au kifuani mwake. Viganja vya baridi ni kawaida. Kifua cha baridi, pamoja na kulegea na usingizi usio wa kawaida, ni dalili ya hatari. Mwingize ndani, mvue nguo zenye unyevu, mweke ngozi kwa ngozi chini ya blanketi na upige 911.

Hewa ya jangwani ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo mtu huishiwa maji bila kuhisi joto. Mpe mtoto mkubwa maji kidogo kidogo hata kama hajaomba. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe unywe zaidi. Nepi zinazokaa kavu kwa saa nyingi, kilio kisicho na machozi, mdomo mkavu au utosi uliobonyea ni ishara za kusitisha matembezi na kutafuta huduma. Mzee unayemtunza huenda asisikie kiu kabisa, hasa kama anatumia dawa za kuongeza mkojo. Muulize daktari wake kabla ya safari anywe kiasi gani.

Kama mtoto ana selimundu, yaani siko seli, ongea na kliniki yake kabla ya kulipia gari. Baridi ya ghafla, upungufu wa maji na milima mirefu, yote matatu yanaweza kuamsha maumivu makali, na safari hii ina yote matatu. Hatusemi asiende. Abaki maeneo ya chini, avae tabaka za nguo, anywe maji, dawa zake ziwe kwenye mkoba wako, na ujue hospitali iliyo karibu kabla hujaihitaji. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi kwa mtoto huyu ni dharura ya siku hiyohiyo.

Miiba na nge

Kuna kaktasi iitwayo cholla ambayo vipande vyake hung'oka na kunasa kwenye nguo kwa kuguswa tu. Usivute kwa vidole, vitanasa wewe. Chukua kitana chenye meno mapana, kipenyeze kati ya kipande na ngozi, kisha kirushe mbali. Miiba iliyobaki toa kwa kibano. Tia kitana mkobani.

Nge wa Arizona aitwaye bark scorpion hupungua wakati wa baridi lakini hujificha kwenye viatu, kuni na taulo zilizoachwa nje. Kung'uteni viatu kila asubuhi. Mtu mzima akiumwa hupata maumivu na ganzi. Mtoto mdogo anaweza kuwa na hali mbaya: macho yanazungukazunguka, mate yanatiririka, mwili unarukaruka, kupumua kunakuwa kwa shida. Hapo piga 911. Dawa ya kupunguza sumu hiyo ipo hospitalini. Kwa kuumwa kusiko na dalili hizo, piga 1-800-222-1222, simu ya bure ya sumu inayojibiwa usiku na mchana, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Nyoka akiuma, piga 911 mara moja. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba.

Kabla ya kuondoka angalia bima pia. Medicaid huendeshwa na kila jimbo, na kwa kawaida ukiwa jimbo jingine italipia dharura tu. Chumba cha dharura cha hospitali kinatakiwa kisheria kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata asipokuwa na bima.

Kikohozi baada ya kurudi

Katika udongo wa Arizona na sehemu za California huishi kuvu ambaye mbegu zake hupeperuka na vumbi. Mtu akizivuta anaweza kupata ugonjwa uitwao Valley fever. Jina linachanganya: si homa ya Bonde la Ufa tunayoijua Afrika Mashariki, inayotoka kwa mifugo na mbu. Huu hauambukizwi na mtu wala mnyama. Hutoka kwenye vumbi.

Wengi wanaozivuta hawaumwi. Wanaougua huanza wiki 1 hadi 3 baadaye: uchovu mzito, kikohozi, homa, kutoka jasho usiku, maumivu ya viungo, pengine vipele. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki au miezi. Lakini watu weusi, wajawazito hasa miezi mitatu ya mwisho, wenye kisukari na wenye kinga dhaifu, pamoja na wanaoishi na VVU, wako katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Mama mwenye asili ya Afrika aliye mjamzito ana sababu mbili za kujihadhari. Upepo ukiinua vumbi ingieni garini na mfunge madirisha, na watoto wasichimbe udongo mkavu.

Tatizo kubwa hutokea nyumbani. Mnarudi Minnesota, wiki mbili zinapita, unaanza kukohoa. Daktari wa huko huuona ugonjwa huu mara chache, anafikiri ni nimonia ya kawaida na kukupa antibayotiki, ambazo haziui kuvu. Au anasikia kikohozi na jasho la usiku kwa mtu aliyetoka Afrika, anafikiria kifua kikuu. Kipimo cha kifua kikuu kubali, ni haki yako. Lakini mwambie pia ulikuwa Arizona, tarehe zipi, na uombe kipimo cha damu cha Valley fever. Ukihudumiwa kwa mkalimani wa simu, mwambie alitamke jina hilo kwa Kiingereza kama lilivyo, asilitafsiri.