Ebola si moja: Namba ambayo msafirishaji wa Nimule anapaswa kuijua

JUBA. Uganda ilipotangaza mlipuko wa Ebola jijini Kampala Januari 30, 2025, wafanyabiashara wa barabara ya Nimule walikuwa na sababu ya kuingiwa na wasiwasi. Sehemu kubwa ya chakula kinachouzwa soko la Konyo Konyo hupita Elegu na Nimule, kisha husafiri kilomita zipatazo 190 za lami hadi Juba. Lori likikwama mpakani, nyanya huoza na bei ya unga hupanda. Waliosubiri majibu ya vipimo vya korona mwaka 2020, foleni za malori zikiwa zimejaa mipakani, hawahitaji kukumbushwa.

Lakini kabla ya kuuliza kama mpaka utafungwa, kuna swali la kwanza: ni Ebola ipi?

Ebola si ugonjwa wa kirusi kimoja. Mwaka 1976 milipuko miwili ilitokea karibu wakati mmoja, mmoja Yambuku katika Zaire ya wakati huo, na mwingine Nzara na Maridi, katika eneo ambalo leo ni Equatoria Magharibi, Sudani Kusini. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni mlipuko mmoja. Baadaye ikajulikana kuwa ni virusi viwili tofauti. Kile cha Nzara, ambako wagonjwa wa kwanza walihusishwa na kiwanda cha pamba, kiliua watu 151 kati ya 284 waliougua. Ndicho kinachoitwa kirusi cha Sudani. Kilirudi Nzara mwaka 1979 na Yambio mwaka 2004. Gulu kiliua watu 224 mwaka 2000, kikarudi tena Uganda mwaka 2022, na ndicho kilichoonekana Kampala mwaka 2025.

Tofauti hiyo ina uzito. Chanjo ya Ervebo, iliyoidhinishwa mwaka 2019, ni ya kirusi cha Zaire. Ndiyo waliyopewa wahudumu wa afya walio mstari wa mbele Sudani Kusini mwaka huohuo, Nimule ikiwemo, wakati Kongo ilipokuwa ikipambana na mlipuko mkubwa. Aliyechanjwa wakati ule asijidanganye kuwa ana kinga dhidi ya kirusi cha Sudani. Vipimo navyo ni hivyohivyo. Kipimo cha haraka cha Ebola cha mashine ya GeneXpert kilitengenezwa kwa ajili ya kirusi cha Zaire. Mgonjwa wa kirusi cha Sudani akipimwa kwa hicho, jibu linaweza kuwa "hana" huku anao.

Wanasayansi wanajuaje kipimo au chanjo inafaa kwa kirusi kipi? Hapo ndipo inapoingia kanzidata ya UniProt, ghala la kumbukumbu za protini linaloendeshwa kwa pamoja na taasisi za Uingereza, Uswisi na Marekani. Protini ndizo zinazojenga mwili wa kirusi. Iliyo muhimu zaidi kwa Ebola ni ile ya ganda la nje, ambayo kirusi hutumia kuingia katika seli ya binadamu. Virusi hivi viwili vinayo, na kwa vyote viwili ni mnyororo wa viungo 676. Lakini ukiipanga sambamba, zaidi ya theluthi moja ya viungo hivyo haifanani. Ni kufuli mbili za ukubwa mmoja, kila moja na ufunguo wake.

UniProt ina kumbukumbu zaidi ya 570,000 zilizokaguliwa na wataalamu mmojammoja, pamoja na mamilioni mengine yaliyoingizwa na kompyuta bila kukaguliwa hivyo. Ukiandika "Ebola" tu, utapata mchanganyiko wa kila aina. Dawa yake ni vichujio. Mtafutaji hueleza masharti yake, kila moja katika sehemu yake: kiumbe kipi, protini ipi, urefu gani, iliyokaguliwa au la. Kisha huyaunganisha kwa "na", "au" au "isiyo".

Mfanyabiashara wa mpakani anaujua mtindo huu. Unga wa mahindi huitwa posho Kampala na sembe Dar es Salaam, lakini forodhani una namba moja, 1102.20. Virusi navyo vina namba. Kirusi cha Sudani ni 186540, na cha Zaire ni 186538. Jina linaweza kubadilishwa na wataalamu, kama lilivyokwisha kubadilishwa, lakini anayechuja kwa namba hapotezi mzigo wake. Akiongeza sharti la "zilizokaguliwa", atakuta miongoni mwa matokeo protini za kirusi cha Gulu cha mwaka 2000.

Chombo hiki si kipimo cha mgonjwa, na utafutaji usioleta kitu hauthibitishi kuwa kitu hakipo. Kazi yake ni kumwezesha mtaalamu kulinganisha kabla ya kuagiza vipimo. Tena ni bure: maabara ya Juba yenye intaneti husoma kumbukumbu zilezile zinazosomwa Geneva. Hilo si dogo kwa nchi ambayo kirusi hiki kilitambuliwa mara ya kwanza katika ardhi yake, na ambayo kwa miaka mingi imetegemea kupeleka sampuli Entebbe. Mwaka 2020 Sudani Kusini ilipata moja ya maabara 9 za kuhamishika za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mashine hizo zitafaa mpakani zikiwa na vipimo vya kirusi sahihi na watu wanaojua kuuliza swali sahihi.

Kampala ilionyesha faida ya kujua mapema. Kwa kuwa kirusi kilikwisha kutambuliwa, majaribio ya chanjo inayokilenga yalianza Februari 3, siku nne baada ya tangazo. Shirika la Afya Duniani halikushauri kuzuia safari wala biashara. Mlipuko ulitangazwa kwisha Aprili 26, ukiwa umepata watu 14 na kuua 4.

Basi tangazo lijalo likitoka, msafirishaji aulize mambo matatu kwa maofisa wa afya wa mpakani: ni kirusi cha Sudani au cha Zaire? Kipimo kinachotumika hapa kinakitambua? Na chanjo iliyopo ni ya kipi? Majibu hayo yakipatikana mapema, msako huelekezwa kwa wagonjwa na waliokutana nao. Yakichelewa, wanaosimamishwa ni wote, na nyanya zao.